Alikuwa Anamwambia Nani "Toa"?

"Afande, kwani yule bwana alikuwa anamwambia nani 'toa'?"

Swali hilo aliliuliza jirani, fundi cherehani, siku ileile maiti ya mwenye gari ilipoondolewa uani. Konstebo wa zamu alicheka. Akamjibu kwamba wazee wenye magari ya zamani huongea na magari yao, tena wengine huyabembeleza kuliko wanavyowabembeleza wake zao. Swali likaachwa palepale, kama kipande cha kitambaa kilichoanguka chini ya meza ya mshonaji.

Aliyekuja kukiokota alikuwa mpelelezi mwanamke ambaye wenzake kituoni walimpachika jina la Bi Taratibu. Hakuwa mwepesi wa kutembea wala wa kusema, na mkuu wa kituo alimnung'unikia kila mara. Safari hii alimnung'unikia zaidi.

"Mtuhumiwa tunaye. Kesho asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Unataka nini tena huko kwa marehemu?"

"Nataka kuliona gari, mkuu."

"Gari halisemi."

"Ndiyo maana nikasema kuliona, sikusema kulisikiliza."

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa selo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtaani walimwita Fundi Bado, kwa sababu kila mteja akimwuliza gari lake limekwisha, jibu lilikuwa hilohilo moja. Yeye ndiye aliyemfungia marehemu stata, kile kiwashio cha injini, siku chache kabla ya ajali, na kwa kazi hiyo marehemu alimtukana mbele za watu, akamwita mharibifu, akamwambia hatagusa tena hata nati. Fundi Bado akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Haya, baba, jifanyie mwenyewe. Lakini gari hilo litakula mtu." Gari lilipokula mtu kweli, ndugu wa marehemu walilikumbuka neno hilo upesi kuliko walivyokumbuka kununua sanda. Wakasema aliifunga stata kwa hila, ili ijiwakie yenyewe.

Bi Taratibu alipopita mbele ya nondo, yule fundi aliinua kichwa.

"Nitatoka lini, afande?"

"Bado."

Fundi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Kumbe ndivyo wanavyojisikia wateja wangu."

Mpelelezi hakucheka. Alichukua bahasha ya vielelezo, akamwita yule konstebo wa zamu, wakaondoka.

*

Gari lilikuwa bado uani, palepale lilipofanya lililofanya. Mwenyewe alilipa jina la Ajuza, kwa kuwa lilikuwa kuukuu kuliko watoto wake wote. Rangi yake ilikuwa imepauka kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Boneti ilikuwa wazi. Mbele yake, kwa hatua ya mtoto tu, palikuwa na ukuta wa stoo, na kwenye ukuta huo, usawa wa kiuno cha mtu mzima, plasta ilikuwa imebanduka. Chini walikuwa wamemwaga mchanga. Mchanga ule ulikuwa mweusi wa oili upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa na weusi wa namna nyingine.

"Nisomee ulivyoandika," Bi Taratibu akamwambia konstebo.

Konstebo akasoma. Marehemu alikuwa peke yake. Alikuwa akirekebisha nafasi za valvu, kazi ambayo alizoea kujifanyia. Alitaka kuizungusha injini, akagusisha bisibisi kwenye stata huku amesimama mbele ya gari. Bila shaka gia ilikuwa ndani. Gari likaruka, likambana ukutani. Bisibisi ilikutwa juu ya betri.

"Na mkononi alikuwa na nini?"

"Vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, mkono wa kulia. Kushoto spana. Mpaka hospitali hawakuweza kumtoa ile spana."

"Mikono yote miwili imeshika kitu. Bisibisi aliishika kwa meno?"

Konstebo akafunga daftari.

Bi Taratibu akaitoa ile bisibisi kwenye bahasha, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa safi, inang'aa. "Wewe una pikipiki, najua unaiwasha hivihivi ikikugomea. Chukua bisibisi nyingine humo kwenye sanduku la marehemu. Toa gia kwanza, angalia mara mbili. Kisha gusisha."

Konstebo akaingia garini, akaitikisa gia, akatoka. Akainama pembeni, akagusisha. Cheche zikaruka, stata ikaunguruma kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Alipoiinua ile bisibisi ya pili, ncha yake ilikuwa na kovu jeusi, chuma kimeyeyuka kidogo kama nta.

Wakaziweka mbili zile pamoja juu ya bampa. Moja imeungua, moja safi.

"Hii safi haijawahi kugusa stata," konstebo akasema polepole.

"Haikugusa. Iliwekwa. Na aliyeiweka amewahi kusikia habari ya bisibisi na stata, lakini hajawahi kuifanya mwenyewe. Fundi angeiunguza kwanza."

Juu ya ukuta wa jirani kikatokeza kichwa chenye tepu ya kupimia shingoni. Fundi cherehani alikuwa amepanda stuli.

"Shikamoo, afande. Naona leo mmerudi na akili."

"Marahaba. Lile swali lako nani alikujibu?"

"Nani anijibu? Nilichekwa." Akamtupia jicho konstebo. "Mimi na nyumba hii tumetenganishwa na ukuta, lakini kwa masikio ni chumba kimoja. Kila mapumziko ya wiki nasikia, 'Huru! Piga! Huru! Piga!' Mpaka mke wangu husema, jirani zetu hawa wanapata uhuru kila wiki, sisi bado tunatawaliwa na mwenye nyumba."

"Na siku ile?"

Utani ukamtoka usoni. "Siku ile alisema, 'Toa!' Akakaa kidogo, akasema tena, 'Toa!' Kisha akasema, 'Haya, piga.' Halafu pakawa na kishindo. Nikajua ameangusha kitu, kama kawaida yake. Nikaendelea kushona." Akaishika tepu kwa mikono miwili. "Ilikuwa sare ya shule. Niliimaliza yote, afande."

"Ulisikia 'toa', hukusikia 'tia'?"

"Mimi maisha yangu yote ni kupunguza na kuongeza nguo za watu. Toa na tia siwezi kuzichanganya."

Bi Taratibu akamwomba abaki palepale kwenye stuli. Akaingia garini kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Kioo kilikuwa juu. Alitafuta mpini wa kukishushia, hakuuona, palikuwa na kipande cha chuma tu kilichovunjikia mlangoni. Boneti iliyo wazi ilifunika kioo chote cha mbele, hivyo hakumwona konstebo aliyesimama kule injini. Akampigia honi ishara waliyokubaliana.

Konstebo akatamka neno.

Mpelelezi akashuka. "Umesema 'tia'."

"Nimesema 'toa', afande."

"Rudia."

Wakarudia mara kadhaa, mara hili mara lile. Aliyekuwa ndani alikisia tu kama mtu anayechagua embe gizani. Kutoka juu ya ukuta fundi cherehani alikuwa akizitaja zote sawasawa, bila kukosea hata moja.

"Siku ile kioo ulikikuta hivihivi?" akauliza Bi Taratibu.

"Hivihivi, kimefungwa mpaka juu. Nimekiandika."

"Hilo umefanya vizuri. Kamwite mama."

*

Mjane alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchamungu anayejulikana mtaa mzima, ambaye hata akikanyaga mwiba hutaja jina la Mungu kabla ya kusema "ai". Nyuma yake mlangoni alisimama kitinda mimba wake, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi, shati limepigwa pasi, viatu havina vumbi hata palipokuwa na vumbi. Kila mtu alijua kwamba yeye na baba yake walikuwa hawasemezani. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba Ajuza si gari, liuzwe kwa kilo. Baba yake akamwambia asikanyage tena karibu nalo. Kwa hiyo hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi siku ile.

"Mama, pole tena," Bi Taratibu akasema. "Kuna mtu alikuwa ndani ya gari."

Mjane hakushtuka. Alikunja upindo wa khanga yake, akaukunjua.

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama!" akasema konstebo.

"Ni mimi. Kila siku anapotengeneza mimi ndiye nakaa kwenye kiti. Aliniambia toa, nikasikia tia. Gia ilikuwa ndani, nikaiacha ndani. Akaniambia piga, nikageuza ufunguo. Basi."

"Na bisibisi?"

"Niliiweka mimi. Niliogopa. Nilikuwa nimemsikia akisema kuna watu huwasha kwa bisibisi."

"Na yule fundi aliye selo?"

Hapo mjane aliinamisha macho. "Hao ni shemeji zangu. Mimi sikumtaja."

"Hukumtaja, lakini hukumtetea."

Kijana wake alikuwa akichezea saa yake ya mkononi.

"Sema 'haki ya Mungu', mama, niandike," Bi Taratibu akasema taratibu.

"Mimi nimekwisha kukwambia ni mimi. Andika."

"Nimesikia. Ila hujaapa."

Kijana akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Haya, tuyaache ya kiapo. Ingia, unionyeshe ulivyokaa."

Mjane akaingia Ajuza kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alikaa, na kabla mpelelezi hajasema neno, mkono wake ulishuka chini ya kiti bila ya yeye kutazama, ukatoka na koleo dogo lenye kutu. Akakibana kile kipande cha chuma mlangoni, akazungusha. Kioo kikashuka chote kikilalamika.

"Kwa nini umefungua kioo?"

"Nitasikiaje bila kufungua? Mpini ulivunjika juzi tu, wakati wa mvua, nikatafuta koleo hili nikaliweka hapa. Sharti kioo kiwe chini. Mwenyewe akinikuta nimefunga hunigombeza mpaka…"

Bi Taratibu akaegemea dirishani, sauti yake ikawa ya chini, kama ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichonuia kukinunua.

"Na lile neno 'huru', mama, lilianzaje?"

"Ah, hilo la zamani sana." Uso wa mjane ulilainika kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za harusi yake. "Toa na tia hugongana masikioni. Tulipokuwa vijana aliniambia toa nikasikia tia, gari likamgonga goti. Alilala ndani mwezi mzima akinitukana na kunicheka. Akasema, kuanzia leo neno 'toa' ni haramu kwenye gari hili. Ukinisikia nasema huru, iachie gia iwe huru. Toka siku hiyo mimi hajaniambia tena…"

Akalisikia mwenyewe lile alilokuwa akilisema. Mdomo ukabaki wazi. Mkono wake ulikuwa bado umelishika koleo.

Mpelelezi hakumsukuma. Alimfungulia mlango, akamshika kiwiko kumsaidia kushuka. "Twende ndani, mama. Jua kali."

*

Sebuleni palikuwa na viti vya msiba, vile vya plastiki vya kuazima, vimepangwa ukutani. Mama alikaa kimoja. Kijana wake akabaki amesimama.

"Wewe, bwana mdogo," Bi Taratibu akamwambia. "Baba yako akitaka gia itolewe, alikuwa anasemaje?"

"Si 'toa'? Kila mtu husema toa."

"Na kile kioo cha dereva, kinafunguliwaje?"

"Hakifunguki kile. Mpini wake umevunjika."

"Umevunjika wakati wa mvua za juzi, nami nimeambiwa hivyo sasa hivi tu pale nje, wewe ukiwa umeshaingia ndani. Wewe ulifukuzwa kwenye gari lile kitambo. Nani alikuambia?"

Kijana akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sakafu.

"Labda niliona nilipokuja msibani."

"Labda. Lakini mpini ukiuona umevunjika unasema umevunjika. Ili useme hakifunguki, lazima uwe umekaa ndani ukajaribu kukifungua. Mama yako anakifungua bila hata kuangalia." Bi Taratibu akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yangekaribia kugusana kama naye kijana angekaa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Marehemu alisema 'toa' kwa sababu aliyekuwa kwenye kiti hakuwa mtu wa gari lile. Angemwambia 'huru' asingeelewa. Na huyo mgeni akakaa na kioo kimefungwa, hakujua habari ya koleo, akasikia nusu ya neno."

"Maneno tu hayo, afande."

"Ni maneno. Baba yako amekufa kwa neno."

Mama akasema bila kuinua uso, "Mimi ndiye niliyemwita. Nilimwambia, njoo mwanangu, leo nenda ukae wewe badala yangu. Mtu hawezi kumnunia mwenziwe huku wanafungua injini moja. Nikamwambia baba yake, mvumilie, hajui. Akasema, haya, aje. Alifurahi, afande. Alifurahi mpaka akasahau kumwambia habari ya kioo. Mimi nikaenda jikoni nikawasikia wanasemezana, nikamshukuru Mungu."

"Mama, nyamaza," kijana akasema.

"Daktari anasema hakufa papo hapo," Bi Taratibu akaendelea, macho kwa kijana. "Nani alilisogeza gari?"

"Mimi," mama akajibu. "Nilisikia kishindo. Nikasema, wameangusha kitu. Nikakoroga sufuria kwanza. Nilipotoka hakuna mtu kwenye kiti. Mlango wa gari uko wazi, geti liko wazi. Yeye kabanwa, anapumua, ananitazama. Nikaweka huru, nikasukuma peke yangu. Ajuza mzito, mwanangu. Peke yangu." Akapumua. "Nikafunga mlango. Nikatafuta bisibisi."

Konstebo alikuwa ameacha kuandika.

"Sikiliza, kijana," Bi Taratibu akasema. "Kusikia vibaya si uuaji. Hata mimi leo nimesikia vibaya mara ngapi, huyu hapa shahidi. Mtu akisema, 'ni mimi niliyekuwa kwenye kiti, nikashtuka nikakimbia,' sheria ina namna ya kumtazama. Lakini kesho asubuhi kuna mtu atapandishwa kwa hakimu kwa kosa la kusema 'litakula mtu'. Naye anajua kwamba hana hatia, na mama yako anajua, na wewe unajua. Nikuandikeje?"

Mama akainua uso sasa. Alimtazama mwanawe jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea, mikono iko tayari, anangoja tu hatua.

"Sema, baba," akamwambia. "Sema mwenyewe. Mimi nitakuwa hapa."

Kijana aliipangusa saa yake kwa kidole gumba. Aliutazama mlango, akaitazama ile picha ya baba yake iliyoegemezwa juu ya kabati, akarudi kwenye saa.

"Afande," akasema, "mama ameshakwambia ni yeye. Tena mbele ya konstebo. Umemsikia kwa masikio yako. Kwa umri wake hata hawatamfunga. Mnataka nini tena?"

Cherehani ya jirani ikaanza kugonga ng'ambo ya ukuta, ikasita, ikaanza tena.

Mjane alisimama. Lile koleo lilikuwa bado mkononi mwake, tangu garini, hakuna aliyelitambua. Alilitazama, akaenda akaliweka mezani mbele ya kitinda mimba wake, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni maji ya kunawa.

Kisha akamgeukia mpelelezi.

"Haki ya Mungu, afande, mimi sijaambiwa 'toa' tangu goti la mume wangu lilipoumia. Andika hivyo. Na yule fundi mtoeni."

Akajitanda khanga yake kichwani, akapita katikati ya viti vya kuazima, akatoka nje.